MikroTik hEX na seva inayolala Tukuyu

Ruta ya MikroTik hEX, ile inayotambulika kwa namba RB750Gr3, haina Wi-Fi wala antena, na mtu akiiona kwenye kabati la duka la vifaa vya kompyuta pale Mwanjelwa anaweza kuidhania swichi ndogo ya kawaida. Naitathmini hapa kwa kazi moja tu: kuiamsha, nikiwa Mbeya mjini, seva iliyolala katika ofisi ya chama cha wakulima wa chai huko Tukuyu, umbali wa takriban kilomita 70. Kwa kazi hiyo nimeridhika nayo kabisa.

Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, inaendeshwa na Ubuntu, na kazi yake ni kutunza kumbukumbu za majani mabichi yanayopokelewa kutoka kwa wakulima. Usiku haina kazi. Kuiacha ikiwaka hadi asubuhi ni kumaliza bure yuniti za LUKU ambazo wanachama wamezilipia, na kuizima kabisa ni kumtegemea mtu afike ofisini kuibonyeza kila ninapotaka kuifanyia kazi. Hali ya usingizi, ambayo mafundi huiita S3, inasimamisha kichakataji, diski na feni, inabakiza umeme kidogo kwenye memori na kwenye kadi ya mtandao, na mashine ikiamshwa inaendelea palepale ilipoishia baada ya sekunde chache.

Kulaza ni rahisi. Kuamsha ndiko kwenye kazi. Kadi ya mtandao ya mashine iliyolala husubiri pakiti maalumu ya Wake-on-LAN, yaani baiti 6 zenye thamani ya FF zikifuatiwa na anwani ya MAC ya kadi hiyo, yaani namba yake ya utambulisho, iliyorudiwa mara 16, jumla baiti 102. Kwa kawaida pakiti hiyo hutangazwa kwa vifaa vyote vya mtandao wa ndani, kwa sababu mashine iliyolala haitegemewi kuitika mtandao unapouliza ni nani mwenye anwani fulani ya IP, na matangazo ya aina hiyo hayavuki ruta. Kwa hiyo kuirusha kutoka Mbeya kupitia intaneti hakusaidii, hasa pale ofisi inapotumia intaneti ya simu isiyo na anwani ya umma, yaani anwani inayofikika kutoka popote kwenye intaneti. Lazima ndani ya ofisi hiyohiyo kiwepo kifaa kisicholala, na msimamizi awe na njia ya kukifikia.

hEX inatimiza yote mawili. RouterOS, programu endeshi ya ruta za MikroTik, ina amri yake ya kuamsha: unaandika /tool wol, unataja mlango wa mtandao na anwani ya MAC, basi. Toleo la 7 lina WireGuard, yaani njia ya siri ya mtandao (VPN), ndani yake, hivyo ruta ya Tukuyu ndiyo inayoanza kutoka nje kuitafuta seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, na mimi napitia hapohapo kuingia. Asubuhi ya kwanza karani alinipigia simu akiwa na wasiwasi.

“Shikamoo kaka. Feni limenyamaza, lakini taa ya pale waya wa mtandao unapochomekwa bado inawaka. Niibonyeze?”

“Marahaba dada. Usiiguse, subiri kidogo.”

Nilituma amri, na kabla hatujakata simu alisema feni limeanza kuzunguka lenyewe.

Jambo jingine ninalolipenda ni umeme wake. Ruta hii inapokea volti 8 hadi 30 za umeme wa DC, yaani wa aina itokayo kwenye betri, kwa hiyo inaweza kuendeshwa na betri ya volti 12 yenye chaja au sola, na kwa mji wenye mvua na radi kama Tukuyu hilo si jambo dogo. Ruta ikizimika, siwezi kuiamsha seva nikiwa Mbeya.

Upungufu upo. Menyu za RouterOS ni nyingi na hazimhurumii anayeanza, na anayetaka Wi-Fi atanunua kifaa kingine. Mwenye seva halisi ya ofisi kubwa, yenye bodi ya usimamizi kama iLO au iDRAC, hana haja ya mpango huu, maana bodi hiyo inamwezesha kuiwasha mashine kwa mbali, na seva nyingi za namna hiyo hazina S3 kabisa.

Kwa upande wa seva, umeme ukikatika wakati imelala, yote yaliyokuwa kwenye memori hupotea; kwa hiyo hifadhi data kwenye diski kabla ya kuilaza, na weka BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, iiwashe mashine umeme unaporudi. Humohumo kwenye BIOS zima kipengele cha kubana umeme kinachoitwa ErP au Deep Sleep, kwa sababu kinaweza kuinyima kadi ya mtandao umeme. Kwenye Ubuntu, andika wakeonlan: true katika faili la netplan, yaani la mipangilio ya mtandao, la sivyo mpangilio uliowekwa kwa amri ya ethtool unaweza kupotea mashine ikiwashwa upya. Nami naongeza amri ya rtcwake, ambayo hutumia saa ya ndani ya mashine kuiamsha alfajiri kabla ofisi haijafunguliwa, hata kama intaneti ya Tukuyu imekatika.