Uzoefu wangu: chaja ya betri, kopo la Sea Foam na pikipiki ya Rebel iliyogoma kuwaka baada ya baridi

Niliendesha bodaboda Likoni kwa miaka minne, Boxer isiyolala: mchana mimi, usiku mwenzangu. Plagi nilikuwa nabadilisha gizani, na cheni nakaza huku abiria amesimama pembeni akidai chenji yake. Kwa hiyo nilipohamia Brooklyn Park, Minnesota, nikajinunulia Honda Rebel 250 ya mwaka 2009, sikuona haja ya kumwuliza mtu jinsi ya kuitunza. Mwezi wa Novemba nikaisukuma gerejini, nikafunga petroli, nikaifunika turubai, basi. Nikairudia Aprili.

Stata ikajikokota mara moja, kisha kikabaki kile kisauti cha tik-tik-tik.

Kwa mwenye haraka: nilinunua vitu vitatu. Chaja ya kutunza betri, nyota nne. Dawa ya bei rahisi ya kusafisha kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) bila kuifungua (jina lake nitaliacha), nyota moja, na hiyo kwa sababu ya chupa nzuri. Sea Foam, dawa ya kuhifadhi petroli, nyota tano, ila niliinunua nikiwa nimeshachelewa.

Chaja kwanza. Si kama zile za mtaani zinazochemsha betri mpaka asidi inanuka. Hii yangu ni ya dola 40, inatoa ampea 1 tu, na betri ikijaa inajipunguza yenyewe, ikabaki kuidondoshea umeme kidogo kidogo. Unaweza kuiacha miezi. Multimita ilinionyesha volti 11.3, yaani betri hoi. Nikaiunga jioni, taa nyekundu. Kulipokucha taa kijani, volti 12.7. Nilibahatika, kwa sababu hapa Januari tulifika nyuzi 28 chini ya sifuri. Betri iliyojaa huistahimili baridi hiyo, lakini iliyoisha huwa na asidi iliyokaribia kuwa maji matupu, ikaganda na kupasua boksi lake. Nadhani yangu ilikuwa bado na nguvu kidogo Januari, ikaja kuishiwa baadaye. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya waya: mfupi, na soketi ya gereji iko ukuta wa pili.

Nikapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, nikatabasamu. Ikazunguka tena. Haikushika.

Hapo nikaanza kuhangaika kama mgeni. Swichi nyekundu ya kuzimia, iko sawa. Gia, iko fri. Stendi nimeipandisha. Nikafungua boksi la filta, na humo nikamkuta panya, au tuseme nyumba yake: pamba ya sijui mto wa nani, maganda ya alizeti, na karatasi zilizotafunwa zikawa laini kama sufi. Nikajiambia nimempata mchawi. Nikatoa vyote, nikanunua filta mpya, nikapiga stata. Wapi.

Nikatoa plagi. Cheche zake za buluu, safi kabisa. Lakini plagi yenyewe ilikuwa kavu. Umepiga stata dakika nzima na choki (kifuniko cha kubana hewa) imefungwa, plagi inatakiwa itoke imelowa na inanuka petroli. Yangu ungeweza kuifuta kwa kanzu ya Ijumaa.

Nikampigia fundi wangu wa Likoni. Kwangu saa nne asubuhi, kwake saa kumi na mbili jioni, anafunga kazi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Imekufia?"

Nikamweleza. Akauliza ilisimama siku ngapi. Nikamwambia miezi mitano. Akanyamaza kidogo.

"Miezi mitano? Ilishikwa na polisi?"

Nilicheka, lakini hakuwa akitania. Kwake yeye pikipiki haisimami miezi mitano ila imelala kituoni, na zile za kituoni amezikomboa nyingi. Akaniambia kazi ya kwanza kwa pikipiki iliyotoka kituoni huwa ni ile ile: kabureta. Petroli inaoza. Miaka minne ya bodaboda na jambo hilo halikuwahi kunipitia kichwani, kwa sababu petroli yangu haikuwahi kuona kesho yake. Shilingi mia mbili asubuhi, jioni imekwisha, unatia nyingine.

Akanipa mtihani mmoja wa kufanya: nipulize dawa ya kabureta kidogo kwenye mdomo wa kuingizia hewa, kisha nipige stata hapo hapo. (Fanyieni nje jamani. Gereji nyingine zina mtungi wa kuchemshia maji wenye moto chini yake.) Nikafanya. Injini ikanguruma sekunde mbili, ikafa.

"Haya," akasema, "moto upo, pumzi ipo. Inakosa chakula. Fungua kabureta."

Sikuifungua. Uvivu, na pia zile skrubu ziliniogopesha. Nilipiga simu gereji moja ya hapa, wakanitajia dola 380 na kungoja wiki tatu, maana Aprili ndio Minnesota nzima inagundua pikipiki yake haiwaki. Ndipo nikanunua ile dawa ya dola 12: imwage tangini, isubiri, itasafisha yenyewe. Nikasubiri siku mbili. Kama ningefikiri kidogo ningeona upuuzi wake. Dawa inafika kwenye tundu la kabureta kwa kupita pamoja na petroli, na tundu langu lilikuwa limeziba, petroli haipiti. Itapitaje dawa? Pengine kwa kabureta iliyochafuka kidogo inafaa. Kwa iliyoziba, pesa imekwenda na maji.

Jumamosi iliyofuata nikaifungua. Kwanza nikalegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta nikakinga kikombe. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kinanuka vanishi ya zamani, ule ukali wa petroli haupo. Skrubu za bakuli nilianza nazo vibaya: za Kijapani zinafanana na msalaba wa kawaida lakini si sawa, bisibisi ya kawaida inateleza na kuula mdomo wake. Moja niliiharibu, nikaitoa kwa koleo. Zipo bisibisi zake maalumu, ulizia JIS, yaani za kiwango cha Kijapani. Hizo nazo nyota tano.

Ndani ya bakuli kulikuwa na ukoko wa kijani kibichi, ule wa shaba iliyolala na maji. Petroli ya kawaida ya huku ina ethanoli asilimia 10, na ethanoli hunywa unyevu wa hewani. Boya lilikuwa zima. Jeti kubwa (jeti ni kijiskrubu chenye tundu la kupitishia petroli) ilikuwa na utando tu. Ila ile jeti ndogo, inayolisha injini inapowashwa na inapotulia, nilipoiinua mbele ya dirisha sikuona kitu. Tundu lake halifiki nusu milimita. Nililoweka, nikapuliza, sikuona kitu. Nikamtumia fundi picha, akanijibu kwa sauti: usitie waya wa chuma, utalipanua, itakuwa inakunywa petroli maisha yake yote, chuna waya wa umeme, toa unywele mmoja wa shaba, pitisha huo taratibu. Nikapitisha. Ukakwama, ukazunguka, kisha nikausikia umepenya. Nikainua tena dirishani nikaona nuru, nukta moja ndogo kama nyota.

Nikarudisha kila kitu, nikamwaga petroli yote ya zamani, nikatia mpya. Choki, stata. Iliwaka mara ya pili, ikatoa moshi mweupe, ikatulia.

Sasa Sea Foam. Ni ya hapa hapa Minnesota, na nilikuwa nikiiona dukani kila siku bila kujua kazi yake. Kwa kuhifadhi petroli, kipimo ni aunsi 2 kwa kila galoni. Tangi la Rebel linachukua lita kama 10, kwa hiyo aunsi 5 na kitu, na kopo moja la aunsi 16 linanitosha majira matatu ya baridi. Novemba iliyopita nilijaza tangi mpaka juu ili unyevu usipate nafasi, tena petroli ya oktani 91 isiyo na ethanoli, ambayo Minnesota huuzwa kwenye pampu za pekee zenye maandishi kwamba ni ya pikipiki, mashua, magari ya kale na mashine ndogo. Nikatia dawa, kisha nikaiacha injini iungurume dakika kumi. Hizo dakika kumi wengi wanaziruka. Dawa ikibaki tangini, kabureta inalala na petroli ile ile ya zamani, na ugonjwa uko kwenye kabureta. Chaja nikaiunga kwa waya wa kurefushia, na milango ya egzosi nikaiziba kwa wuli ya chuma ya kusugulia masufuria, kwa ajili ya yule panya.

Aprili hii nikafungua petroli, nikavuta choki, nikapiga stata. Ikashika papo hapo, ikakohoa, ikafa. Nikapiga tena, ikashika, ikafa. Nikahisi moyo umeshuka tumboni. Nilikuwa nimeshaleta bisibisi na kikombe, nimeshalegeza skrubu ya kwanza, binti yangu wa miaka saba akatokea mlangoni na bakuli lake la nafaka, akaiangalia pikipiki, akauliza kwa nini huko nyuma imewekewa wuli ya sufuria.

Nikaitoa. Ikawaka mara ya kwanza.