Seti ya wino wa Kichina: wino safi, brashi safi, karatasi inaangusha

Ndani ya boksi mna kijiti cha wino, jiwe la kusagia, brashi mbili na karatasi 20. Anayetaka kuchora mtumbwi mmoja nje ya Kibirizi, Kigoma, milima ya Kongo ikiwa imemezwa na moshi wa kiangazi, anunue. Karatasi tu asiitegemee.

Kijiti ni masizi na gundi ya wanyama. Tia maji matone kama kumi, kishike wima, zungusha taratibu dakika tano hadi kumi. Ukikandamiza kinatoa chembe, na chembe huumbuka kwenye kijivu chepesi. Kifute ukimaliza, maana kikiachwa na maji au juani hupasuka. Wino wa jana mwaga: gundi imeoza, na harufu itakwambia.

Brashi loweka maji baridi. Ya moto hulegeza gundi ya shinani, manyoya yakang'oka. Brashi ya manyoya ya mbuzi inabeba maji ya kuchorea ukungu, ya kicheche inachora mistari.

Sasa karatasi. Hii imetiwa shabu, chumvi inayoizuia isinyonye, basi tone linasimama kama juu ya jani la gimbi, likikauka linaacha ukingo mkali. Hapo upweke wa mtumbwi ule umekwisha, kwa sababu sanaa hii huuweka kwenye nafasi tupu, na ukingo huo unaikata. Ma Yuan, mchoraji wa China wa enzi ya Song, alichora mvuvi mmoja chomboni na mistari michache ya maji, basi. Gao Xingjian, ambaye wengi wanamjua kwa Nobel ya fasihi ya 2000, huchora kwa wino mweusi na kijivu, na binadamu wake mara nyingi ni kidoa tu.

Tafuta xuan, karatasi ya Kichina ya kuchorea, iliyo mbichi, yaani isiyo na shabu. Ilowanishe kwa brashi safi, ngoja mng'ao upotee, ndipo upitishe wino mwepesi. Uzidishe weusi kidogo, kwani ukikauka hupauka. Mtumbwi uje mwisho, karatasi ikiwa kavu, kwa mipigo miwili. Ukisita, doa linatanuka na mtumbwi unakuwa kisiwa. Kwa mazoezi, karatasi ya gazeti isiyochapwa inanyonya kuliko hii ya boksini, ingawa baadaye hugeuka njano.

Kitambaa cha kutandika hawakuweka. Blanketi kuukuu linatosha. Juu ya meza tupu maji hutuama chini ya karatasi. Na feni izimwe, la sivyo ukungu utakauka kabla haujaenea.