Jiko la kulelea vifaranga usiku kucha: lipi ununue?

Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 kwa wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Mchana wa Dar es Salaam au Morogoro hilo halisumbui. Shughuli ipo saa tisa usiku, hasa Njombe, Makete au Arusha mwezi wa Juni na Julai, umeme umekatika na jikoni yamebaki majivu. Asubuhi unakuta vifaranga wamelaliana kwenye kona na wa chini wamekufa kwa kukosa pumzi. Jiko la bandani basi usilichague kwa jinsi linavyochemsha maji haraka. Angalia kama linakubali kubanwa hewa likabaki na moto hadi alfajiri.

Namba moja kwangu ni jiko la udongo lenye koti la bati, lile ambalo Kenya limeenea tangu miaka ya 1980 na huku tunaliita jiko bora. Udongo hushika joto na kulitoa taratibu hata moto ukipungua. Ukiwa dukani, ligonge kwa kidole: udongo mzima hulia, wenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha funga mlango wa chini. Mlango wenyewe ukiacha upenyo mkubwa, rudisha jiko uchukue jingine, maana mlango huo ndio usukani wa usiku wako. Chagua lenye udongo mnene, na la ukubwa wa kati. Majiko mawili ya kati hueneza joto vizuri kuliko moja kubwa linalounguza katikati na kuacha pembeni pa baridi.

La pili ni chungu cha udongo. Ni cha bei ndogo, hupatikana karibu kila soko, na kwa vifaranga wachache kinatosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba hakina mlango wa hewa, hivyo moto unauongoza kwa majivu tu. Nunua chenye mdomo mpana, ukikalishe juu ya matofali, mbali na maranda yaliyotandazwa sakafuni.

Jiko la pumba za mbao linafuata. Ukilishindilia vizuri huwaka saa nyingi bila kuongezwa kitu, lakini moshi wake unadai bomba la kutolea nje. Bila bomba, liache. Jiko la bati tupu naliweka mwisho: linapoa upesi, utaamka mara kadhaa kuongeza mkaa, na ubavu wake huunguza vifaranga wanaolisogelea.

Hata hivyo, jiko bora lenye mkaa mwepesi litakuangusha. Tafuta mkaa wa miti migumu. Vipande viwili vikigongana vitoe mlio mkali, na mkononi uwe mzito kwa uzito wake wenyewe. Wapo wauzaji wanaoumwagia maji uongezeke kilo, na mkaa mbichi wa namna hiyo hurusha cheche, jambo la hatari kubwa penye maranda. Mkaa mbadala wa vifuu vya nazi au vumbi la mkaa huwaka polepole zaidi, ila kuukoleza ni kazi, kwa hiyo weka mkaa wa kawaida chini na huo juu. Ule wa makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes wa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ningeupendelea jikoni kuliko kwenye banda dogo.

Koleza nje hadi moshi uishe na mkaa uvae weupe. Ongeza vipande vikubwa, vikishika moto navyo fukia kwa majivu makavu, acha mlango wazi upana wa kidole, ndipo uingize ndani. Zungushia wavu ili vifaranga wasirukie.

Naomba hili lisikilizwe na kila mfugaji: mkaa usiotoa moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na moto uliobanwa hewa huitoa kwa wingi. Acha uwazi juu ya ukuta, usizibe banda lote kwa turubai, na mtu asilale humo. Ukiingia kukagua usiku, fungua mlango kwanza, usubiri kidogo.