Kamera ndogo ya kupanda nayo mlima: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukipanda Kilimanjaro, begi lako kubwa hulibebi. Hulibeba mpagazi, au mgumu kama wenyewe wanavyoitana, naye hukupita njiani mapema na kufika kambini saa nyingi kabla yako. Wewe unabaki na kibegi cha mgongoni: maji, koti la mvua, karanga, kofia. Kamera kubwa yenye lenzi yake ina uzito wa kilo moja na ushee, na kwa kawaida siku ya kwanza huning'inia shingoni, ya pili ikahamia kwenye kibegi, ya tatu ikakabidhiwa mgumu. Kufikia ukuta wa Barranco, mahali penye picha za kukumbukwa, mwenye kamera anapiga kwa simu.

Kwa hiyo nitazipanga kamera hizi kwa kigezo ambacho wauzaji hawakiandiki kwenye boksi: itakaa wapi mwilini mwako, na mkono utaifikia bila kuvua begi? Kama jibu ni mfuko wa suruali, au kipochi kidogo kwenye mkanda wa begi pale kifuani, tuendelee kuzungumza. Kwangu mpaka ni gramu 350, betri na kadi zikiwa ndani. Zaidi ya hapo utaanza kuionea uvivu.

Kabla hujatoa pesa, itazame simu yako. Kama ni ya bei ya juu na ya miaka ya karibuni, tayari inapiga mandhari vizuri mchana, na hakuna haja ya kununua kamera yenye sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, ndogo kuliko ya simu. Hapa ndipo watu wengi hupigwa. Sensa ya kamera nyingi za bei nafuu huitwa 1/2.3, yaani takriban milimita 6 kwa 4.5, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo. Ile inayoitwa ya inchi moja ina milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni kama mara nne. Aina iitwayo APS-C ni kubwa zaidi, karibu milimita 23.5 kwa 15.6. Tofauti hiyo huioni saa saba mchana kwenye jua kali. Utaiona alfajiri, msituni chini ya miti, na ndani ya kibanda chenye taa moja ya sola.

Sababu ya pili ya kutenga kamera na simu ni betri. Simu ndiyo ramani, ndiyo tochi ya dharura, ndiyo pesa ya kulipia nauli ukishuka. Kuimaliza kwa picha za mawingu ni kujitafutia tabu.

Nafasi ya kwanza: Sony RX100 III, iliyotumika

Ilitoka mwaka 2014, na ndiyo maana naipenda: bei yake imeshuka lakini kazi yake haijashuka. Ina gramu 290, sensa ya inchi moja ya megapikseli 20, na lenzi ya milimita 24 hadi 70 (namba ndogo ni mandhari pana, kubwa ni kuvuta cha mbali) inayofunguka hadi f/1.8 upande wa upana (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Ukitaka kujua namba hizo zina maana gani mlimani, fikiria usiku wa kilele. Mnatoka kambi ya Barafu au ya Kibo kwenye saa sita usiku, mnatembea gizani pole pole, na kunapambazuka mkiwa karibu na ukingo wa kreta, Stella Point, mita 5,756, au Gilman's Point. Anga ina rangi, barafu imeanza kung'aa, lakini nyuso za wenzako bado ni vivuli. Lenzi ya f/1.8 hukupa picha safi kwa mkono mtupu wakati ile ya f/4 inahitaji mara tano ya mwanga huo.

Kitu kingine kinachoipa ushindi ni tundu la kuchungulia. Limejificha kwenye kona ya juu kushoto. Unasukuma kiwashio pembeni, linachomoka, kisha unavuta kijicho chake nyuma kwa kidole mpaka kikae. Mchana kwenye nyanda za Shira jua hupiga kioo cha nyuma hadi huoni unachopiga, na hapo kijitundu hicho kina thamani kuliko zumu yoyote. Ila fahamu kwamba ukilirudisha ndani kamera inajizima yenyewe. Mwanzoni inaudhi, baadaye utaizoea.

Ubaya wake ni mwili unaoteleza kama sabuni. Bandika kishikio cha mpira upande wa mbele na usiiachie kamba ya mkono hata dakika moja. Pia inachajiwa kwa waya wa zamani wa micro-USB, kwa hiyo huo ni waya wa ziada kwenye begi. Haina kinga ya maji.

Toleo la VA la mwaka 2018 lina lenzi ya urefu uleule na hulenga haraka zaidi vitu vinavyokimbia, ila betri inaisha haraka. Ukikuta la III likiwa zima kwa bei nzuri, usihangaike na VA. La VII la mwaka 2019 nalirudia chini, maana lina wateja wake.

Nafasi ya pili: Ricoh GR III

Kwa ubora wa picha tu, hii ingekuwa ya kwanza. Gramu 257, sensa ya APS-C ya megapikseli 24, mwili mwembamba unaoingia mfuko wa shati. Lenzi haivuti: ni 28 peke yake, upana ule ule uliouzoea kwenye simu au karibu yake. Kwa mandhari ya mlima upana huo unatosha kabisa. Kwa sura za watu unalazimika kusogea, na mimi sioni ubaya wa kusogea, lakini mtu aliyezoea kuvuta picha atanung'unika njia nzima. GR IIIx ya mwaka 2021 ina lenzi ya 40, nzuri kwa nyuso, ila mandhari inabana.

Ubora wake kwa mpanda mlima ni kwamba inatumika kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia unatoa kamera, kidole gumba kinafanya kazi zote, wa kushoto haujaachia fimbo. Tena ina mpangilio uitwao Snap: unachagua umbali, tuseme mita mbili na nusu, na ukibonyeza hadi mwisho kwa mkupuo mmoja inapiga papo hapo bila kutafuta pa kulenga. Mgumu anapita mbele yako na ndoo kichwani, tayari umempata. (Muombe ruhusa kwanza, au angalau umsalimie. Hawa ni watu wako kazini.)

Mbona basi ni ya pili? Vumbi. Lenzi yake hutoka na kuingia, na mwili haujazibwa, kwa hiyo vumbi hufika hadi kwenye sensa, nawe huwezi kufungua ukalifuta. Anayejua njia ya Rongai wakati wa kiangazi, au mteremko wa kurudi kutoka kilele kwenye changarawe laini, anajua vumbi gani nalizungumzia. Halafu betri: kipimo rasmi ni picha 200 tu. Chukua tatu. Haina flashi wala tundu la kuchungulia. Mwaka 2025 ilikuja GR IV yenye gramu 262, kitulizi bora cha mtikisiko na hifadhi ya ndani ya gigabaiti 53, lakini bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,499 na kwa pesa hiyo kuna safari nzima ya kupanda Mlima Meru.

Nafasi ya tatu, au ya kwanza kama unakwenda milima ya Rwenzori: OM System TG-7

Ilitoka 2023, ikifuata TG-6 ya 2019 ambayo karibu ni kitu kilekile. Ukiipata TG-6 kwa bei ya chini, ichukue. Gramu 249. Inazama mita 15, inaanguka kutoka mita 2.1, na imetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, wakati nyingi za hapa watengenezaji wake wanaishia sifuri. Lenzi haitoki nje, kwa hiyo vumbi halina mlango.

Lakini sensa ni ile ya 1/2.3. Nisikudanganye: picha zake za jioni ni za kawaida, na simu nzuri inaishinda. Ninaiweka hapa kwa sababu Rwenzori, kwenye matope yanayofika magotini na mvua isiyouliza msimu, kamera nyingine zote za orodha hii zitakaa ndani ya begi, na hii itakuwa mkononi. Tena inalenga kitu kilicho umbali wa sentimita moja tu kutoka kwenye lenzi. Kuvu, lobelia, tone la maji kwenye jani, kinyonga: hapo hakuna simu wala Sony inayoigusa. Na ukishuka mlimani ukaenda Zanzibar au Watamu, unaingia nayo baharini.

Kuna milango miwili, ya betri na ya nyaya, na kila mmoja una mpira wa kuzuia maji. Punje moja ya mchanga ikikaa juu ya mpira huo, maji yanapita. Ufute kabla ya kufunga, na ukitoka baharini iloweke kamera kwenye maji ya kawaida yasiyo na chumvi.

Za wanaounganisha mlima na mbuga

Ukishuka Kilimanjaro ukaenda Serengeti au Tarangire, lenzi ya 70 itakufanya uchukie maisha. Hapo ndipo RX100 VII inapoingia: gramu 302, lenzi ya 24 hadi 200, tundu la kuchungulia, na ulengaji wa haraka kweli. Mbega wa msituni njia ya Marangu unamvuta vizuri, simba wa karibu na gari pia. Ilianza kuuzwa kwa dola 1,200 hivi na haijawa rahisi.

Nafuu yake ni Panasonic TZ100 ya mwaka 2016, ambayo Marekani huitwa ZS100: 25 hadi 250, sensa ya inchi moja, gramu 312. Lenzi yake ina giza kidogo ukivuta, na kama zumu zote ndefu zinazojikunja, hunyonya vumbi. TZ99 ya 2025 inavuta hadi 720, na kwa ndege wa mbali inafurahisha, ila imerudi kwenye sensa ya 1/2.3 na haina tundu la kuchungulia. Kuvuta hadi 720 kwenye jua kali ukiangalia kioo tu, mnyama utamtafuta mpaka aondoke.

Nzuri, lakini zibaki dukani

Canon G7 X Mark III ni kamera safi: gramu 304, 24 hadi 100, inachaji kwa USB-C. Mitandao ya kijamii imeipandisha chati hadi bei yake haina uhusiano tena na thamani yake, na haina tundu la kuchungulia. Fujifilm X100VI ni nzuri sana mjini. Ina gramu 521.

Zile za megapikseli 48 zisizo na ukoo, zinazojaa kwenye maduka ya mtandaoni kwa bei ya kutupa, zikiwa na maandishi 4K na 16X mbele: usiguse. Zumu yao ni ya kidijitali, yaani inakata katikati ya picha na kuipanua, na megapikseli nyingi zimebuniwa na programu. Simu ya kawaida inazishinda.

Baridi, umande na umeme

Betri ya lithiamu ikipoa hujitangaza imeisha hata kama haijaisha. Usiku wa kilele weka moja kwenye kamera na nyingine mbili kwenye mfuko wa ndani kabisa, karibu na ngozi. Ya kwanza ikizima, badilisha, irudishe ya baridi mfukoni. Ikipata joto itakupa picha kadhaa zaidi. Fanyia mazoezi nyumbani ukiwa umevaa glavu, kwa sababu mlango wa betri uko chini ya kamera na kwa kawaida kadi iko hapohapo pembeni. Ukilala, zilale na wewe ndani ya begi la kulalia.

Kutoka baridini kuingia kibandani chenye joto, umande hutanda hadi ndani ya lenzi. Ifunge kamera ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla hujaingia, uiache ipate joto humo. Usitegemee mfuko wa rambo: Tanzania iliupiga marufuku Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017.

Kambi za mahema hazina umeme. Pawabanki ya mAh 10,000 inatosha kamera na simu kwa siku kadhaa, na kwenye ndege ni lazima ikae kwenye begi la mkononi.

Ukienda kununua iliyotumika

Iwashe na kuizima mara nyingi, sikio likiwa karibu: lenzi itoke bila mkwaruzo. Funga lenzi hadi f/11, piga ukuta mweupe au anga, vuta picha kwenye kioo utafute madoa meusi; doa lisilohama kutoka picha hadi picha ni vumbi kwenye sensa. Toa betri uilaze mezani: ikicheza kama pia, imevimba. Kadi usiichukue ya muuzaji. Feki ni nyingi, na hujionyesha tu zikishajaa nusu. Mwisho fungua menyu ya lugha. Sony zilizotengenezewa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na hakuna fundi halali wa kuibadilisha. Ukiikuta hivyo, hiyo ni sababu ya kushusha bei sana, au ya kuondoka.