Superman na Spider-Man, au Batman na Daredevil?
Kwenye baraza za Mji Mkongwe mjadala huu wa jozi ipi ya mashujaa wa katuni inafaa zaidi hauishi, nami nauona una thamani kwa kila kijana anayetaka kuchora hadithi yake ya kuwakutanisha mashujaa. Superman na Spider-Man, ambao kampuni za vitabu vya katuni DC na Marvel ziliwaweka katika kitabu kimoja mwaka 1976, hutambulika na kila msomaji. Lakini kwa uwiano wa nguvu wanasumbua, kwa kuwa Superman anaweza kuimaliza kazi kabla mwenzake hajarusha utando, tena nyumba zetu za ghorofa mbili tatu hazimpi Spider-Man nafasi ya kubembea.

Hapo Batman na Daredevil wanashinda waziwazi. Batman hana nguvu za ajabu, Daredevil haoni ila husikia kupita kiasi: wafikirie usiku umeme umekatika, katika kichochoro chembamba, Daredevil akimwongoza mwenzake kwa mlio wa bawaba za mlango unaofunguliwa mbali. Ila wote wawili ni wakali na wenye huzuni, hivyo mazungumzo yao hupooza upesi.

Anayewachorea watoto, au anayetaka mapambano katika bahari ya kuelekea Pemba, awachukue wa kwanza. Apendaye upelelezi wa taratibu atafaana na wa pili.