Kabla hujanunua gari la kale, piga magoti uangalie chini

Peugeot 504 yangu ya kwanza niliipendea rangi. Nyeupe kama kanzu ya Idi, bampa zinang'aa, na muuzaji akaniapia kuwa ilikuwa ya mzee mstaafu aliyeiendesha kwenda msikitini Ijumaa tu. Mwezi wa pili nikapata pancha Mtwapa. Nikatia jeki chini ya mlango, nikazungusha, na gari halikunyanyuka. Jeki iliingia ndani kama kidole kwenye papai bovu. Fundi alipopabomoa alitoa magazeti yaliyoshindiliwa, juu yake puti ya kuzibia mashimo, juu ya puti rangi. "Mama," akaniambia, "hapa umenunua puti. Gari utanunua siku nyingine."

Tangu hapo, anayeniuliza anunue gari gani la kale simpi habari za injini. Injini hufunguliwa ikafungwa chini ya mwembe, na spea ukizikosa Pwani utazisaka Kirinyaga Road, Nairobi. Kinachoyaua magari haya ni kutu ndani ya lile boksi la chini ya milango, mahali ambapo hakuna anayepainamia.

Chanzo ni jinsi yalivyoundwa. Zamani chasisi ilikuwa kitu cha peke yake, mfano wa kitanda, na bodi ikafungwa juu kwa bolti. Baadaye viwanda vingi vikaiacha chasisi. Sakafu, nguzo na boksi la chini ya milango vikachomelewa pamoja, bodi yenyewe ikawa ndiyo mifupa. Gari likawa jepesi, sawa, lakini boksi lile ni mabati yenye uwazi katikati. Maji huingia, vitundu vya kuyatoa huzibwa na tope, na magari mengi ya enzi hizo hayakupakwa zinki wala nta mle ndani. Tia na upepo wetu wa chumvi. Boksi likioza ni mfupa umeoza, si pambo.

Basi nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango yote. Inapoteleza bila kushika, hapo ni puti. Funua kapeti, hata muuzaji akikunja uso. Kisha inua upande mmoja kwa jeki ujaribu kufunga mlango. Ukigoma, bodi inapinda. Chukua mkoba wako urudi nyumbani.

Namba moja ni Peugeot 504, na sitaki ubishi. Ndiyo, haina chasisi, na ndiyo iliyoniliza. Lakini ilishinda mbio za magari za Safari Rally 1975 na 1978, zikaunganishwa hapa hapa Mombasa, na mafundi wetu wanaijua kama njia ya kwao. Viti vyake ni kochi, na mashimo huyapita kama hayapo. Ukiweza tafuta stesheni wagoni, ile yenye springi nne nyuma. Ila uliza kwanza kama haikuwa matatu. Zilizokuwa matatu, sakafu zake zina viraka kama shuka la bweni. Mimi nilinunua ya pili, ya bluu iliyopauka, mbaya wa sura, na sumaku ilishika kila mahali.

Ya pili ni Land Rover Series. Hapa sumaku haitashika kwenye paneli, usishtuke. Ilipotoka 1948, chuma Uingereza kilikuwa bado cha mgao baada ya vita, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini. Ndipo watu wanapodanganyika. Paneli hazina kutu, lakini chasisi ni boksi la chuma na huoza kutoka ndani. Lala chini, igonge kwa nyundo ndogo ukianzia nyuma. Mlio mkali ni chuma. Mlio mzito, mshukuru muuzaji uende zako.

Ya tatu ni Volkswagen Beetle. Sakafu yake imefungwa kwa bolti, inabadilishika. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, na asidi yake hula bati polepole. Inua kiti kabla hata hujawasha injini.

Mercedes W123 naiweka ya nne kwa hasira tu. Gari zuri, milango hufunga kwa adabu, lakini bei! Kagua matundu ya jeki na bati la chini ya betri, halafu jiulize kama unalipia gari au nyota.

Mwenye pesa kidogo atazame Datsun Violet, ile 160J. Dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally na Violet mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Yatosha.

Na nyinyi wauzaji: gari limefuga kuku nyuma ya nyumba miaka kumi, mwalipiga rangi Jumanne, Alhamisi limekuwa "klasiki" na bei imepanda laki mbili. Juzi mmoja amenitumia picha 14 za Peugeot 404 anayoiuza. Usukani, taa, saa ya dashibodi, hata yeye mwenyewe ameegemea boneti. Nimemwomba picha moja ya chini ya mlango. Ujumbe ameusoma, na mpaka leo kimya.