Kile kidude cha kupima oksijeni kidoleni: nyota 3 kati ya 5

Nilikinunua Kariakoo 2021 kwa elfu 45, kipindi kile cha korona ukisimama kituoni na yunifomu ya unesi bajaji inapita kama haijakuona. Nikitoka zamu nilikua navua nguo uani, naoga maji ya ndoo hukohuko ndo naingia kwa watoto, halafu usiku kucha nasikilizia kifua changu mwenyewe. Nikakinunua ili nipate usingizi. Hapo kilifeli vibaya maana wiki ya kwanza najipima saa nane, saa nane na nusu, saa tisa, 97, 98, 97, oksijeni iko poa ila mapigo ya moyo 112, woga tu, na kidude nacho kinakuonyesha kabisa.

Kifaa chenyewe sio kibaya. Betri mbili ndogo kama za rimoti, zinakaa, kinajizima chenyewe. Maelekezo ni Kichina kitupu, kwahiyo nawaambia mimi: mtu mzima mwenye afya kinasoma 95 mpaka 100, na kabla hujapima tulia kwanza, mkono usiwe wa baridi.

Halafu piko. Mama mwenye nyumba wetu hapa Tabata katoka harusini Tanga, kapakwa mpaka kwenye kucha, kikasoma 84. Akakaa chini palepale mlangoni, mwanae keshaanza kutafuta gari. Namuangalia mama anavyolia na kutoa wosia bila hata kukata pumzi, nikasema ngoja, nikambana kidole cha mguu ambako piko haikufika. 98. Akaomba chai.

Ila kinaweza kukosea na upande wa pili, na huu ndo mbaya zaidi. Sisi wenye ngozi nyeusi kinaweza kutuzidishia namba, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walitoa tahadhari 2021. Kwahiyo mtu anahema juujuu kinakwambia 96, usibaki unakiangalia, mpeleke hospitali.

Machi 2023 ilipotangazwa Marburg Kagera, majirani wakapanga foleni kwangu kupimwa. Kagera kule sisi huku, na Marburg yenyewe inaambukizwa kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, dalili yake homa kali, oksijeni inahusiana nini jamani? Nikawapima tu, wakaondoka wanacheka.

Siku hizi kipo kabatini, ufunguo anao mume wangu.